Mwenye Kufunga Maji

Mwanvua binti Sudi hakuumbwa kukaa. Mama yake alilisema hilo tangu mtoto akiwa bado anatambaa, na watu wa mtaa wa Mikelenge wote wangeweza kulitolea ushahidi. Akipika, anapika amesimama. Akila, anakula huku anazunguka ua kuangalia nani kaacha jembe nje. Msibani, pale wanawake wenzake wanapoketi mkekani siku tatu, yeye hutumwa maji kila mara ili wafiwa wapumzike. Marehemu mumewe, aliyefanya kazi ya reli miaka ishirini na sita, alizoea kumtania kwamba treni ya Kibombo inapumzika mara nyingi kuliko mke wake.

Na mtu wa namna hii ndiye aliyepewa kazi ya kulinda maji yaliyotulia.

Nyuma ya Mikelenge, pale mashamba ya muhogo yanapoishia, kuna kinamasi kinachoitwa Lubelenge. Mgeni akikitazama wakati wa mvua ataona maji, matete na michikichi michache, basi. Lakini wanawake wa mtaa wanavijua viziba vyake arobaini na saba, na kila kiziba kina jina la bibi aliyepiga tuta lake la kwanza. Kiangazi kikiingia, maji hushuka na matuta hujitokeza. Kila mwanamke hulitengeneza la kwake kwa udongo na vigogo vya migomba, kisha yeye na binti zake huchota maji kwa vikapu mpaka kiziba kikauke. Kambare hubaki wakitapatapa kwenye matope, wakakamatwa kwa mikono. Samaki hao hukaushwa kwa moshi, na ndio wanaozilisha nyumba hizo mpaka mchele mpya utoke.

Mvua za Septemba zikianza, maji yanafungwa. Mwenye kufunga maji hufunga fundo la makuti kwenye mti ulio mdomoni mwa njia, na tangu siku hiyo hakuna mguu unaoingia mpaka fundo lifunguliwe, kwa sababu samaki wanataga. Anayevunja mfungo ana adhabu moja tu. Hapigwi wala hatozwi kitu. Maji yakifunguliwa, anaketi ukingoni msimu mzima, kila siku, mbele ya macho ya wote, wenzake wakichota na kucheka na kupakana matope, naye haruhusiwi kutia hata kidole.

Hakuna jambo ambalo Mwanvua aliliogopa kama adhabu hiyo, na pengine ndiyo sababu shangazi yake alimwachia yeye kazi ya kufunga maji alipofariki. Mwaka wa themanini na sita alikuwa ametimiza miaka hamsini na saba, na tisa kati ya hiyo alikuwa amelinda fundo kwa ukali ambao hata mbwa wa mtaa waliujua.

Mwezi wa Februari alimkamata Safi. Safi alikuwa mke kijana wa jirani, mwepesi wa ulimi na wa mikono, na alikutwa ndani ya Lubelenge akikata matete ya kusukia mkeka.

"Mama Mwanvua, sikugusa samaki hata mumoja!" alilia.

"Sikuuliza samaki. Niliuliza muguu."

"Lakini matete tu, mama!"

"Mwezi wa sita utakaa, mwanangu. Utatuangalia."

Wanawake wengine waliona amezidi. Mwanvua alijua wanamsengenya, na akaendelea na safari zake za asubuhi kukagua fundo kama kawaida.

Wiki ya pili ya Machi, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo, akatokea bwana mmoja kwenye njia ya kinamasi. Koti lake la abakosi, vazi la maofisa wote wa siku zile, lilikuwa limefungwa vifungo mpaka kooni. Miguuni alikuwa na mabuti mapya ya mpira, na begani fimbo ndefu ya kupimia. Alijitambulisha: sitwayen Onema, yaani mwananchi Onema, karani wa ofisi ya ardhi, mzaliwa wa Kibombo. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya kidogo.

"Jambo, mama. Njo weye unachunga hapa?"

"Njo miye mulinzi, baba. Karibu."

"Niko naandika habari ya hii maji. Iko watu wanaingia humu, wanatumika kazi?"

Mwanvua aliitazama karatasi, akautazama muhuri wa juu yake na kalamu iliyokuwa tayari kuandika, na kichwa kikamvimba. Hatimaye, aliwaza, habari za mfungo wetu zimefika serikalini, na wametuma mtu kuja kuhakikisha kama tunauheshimu! Akasimama wima.

"Watu? Humu? Hata mumoja! Tangu mwezi wa kenda hakuna muguu ilikanyaga hapa. Uliza Mikelenge muzima. Juzi tu nilikamata bibi mumoja anakata matete, nikamutia azabu mbele ya watu wote."

"Hata matete hawakate?"

"Hata kunawa mikono, baba. Apana."

Onema aliandika haraka haraka. Buti lake la kushoto lilikuwa limeanza kuingiza maji, na alikuwa na hamu ya kurudi mjini. Hakuuliza swali ambalo mtoto yeyote wa Mikelenge angeliuliza: na kiangazi, je? Mwanvua naye hakulitaja, maana nani hutaja kwamba jua huchomoza? Akatia dole gumba kwenye wino, akalibandika pale alipoonyeshwa, kisha akamfungia mgeni vitumbua vitatu kwenye jani la mgomba. Alirudi nyumbani akitembea kama bibi harusi.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, naye yuko stesheni ya reli akiuza vitumbua vyake, amesimama kama desturi, Emerance alipomjia. Emerance alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mmoja wa wenye viziba. Karatasi za serikali zilimwita kwa jina la babu yake, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini mtaani hakuna aliyejisumbua.

"Mama, jina lako liko kwa ubao wa ofisi ya zoni," alisema.

"Jina langu? Watanipa nishani?"

Emerance hakucheka. Akambebea beseni, wakaenda pamoja mpaka ofisi ya zoni, yaani ofisi ya serikali ya upande ule wa mji. Kwenye ubao palikuwa na tangazo la Kifaransa lililopigwa chapa. Mwalimu alilisoma polepole, akilifasiri mstari kwa mstari. Kampuni ya kuchimba bati inaomba hekta mia mbili na kumi mahali panapoitwa Lubelenge. Ukaguzi umefanyika. Ardhi ni tupu, haina mwenyewe. Kwa maelezo ya mlinzi wa mahali hapo, Mwanvua binti Sudi, hakuna mtu yeyote anayeingia wala kufanya kazi humo. Mwenye malalamiko ayalete kabla ya mwezi mmoja kwisha tangu tangazo kubandikwa.

"Lilibandikwa lini?"

"Zimebaki siku kumi na moja, mama."

Mwanvua alikuwa amewahi kuona mto uliochimbwa bati, zamani, aliposafiri na mumewe kwa kazi ya reli. Maji yalikuwa mekundu na mazito, kingo zimeporomoka, na mashimo yamejaa mbu. Watoto wa huko walimwambia kwamba hawajawahi kuona samaki mkubwa kuliko kidole. Na sasa yeye, kwa mdomo wake, kwa dole gumba lake, amewauzia watu wa namna ileile maji ya shangazi yake, tena bila hata kuuza. Alitaka kulia, lakini hasira ilitangulia. Akaligonga lile tangazo kwa kidole mpaka mlinzi wa ofisi akamkemea.

Habari haikuhitaji miguu. Kufikia alasiri kila mwenye kiziba alikuwa ameisikia, na wengi waliisikia pamoja na nyongeza. Walisema kahongwa. Walisema kapewa kitambaa cha kitenge. Safi, ambaye angekuwa na haki ya kuchochea kuliko wote, peke yake alinyamaza, na kunyamaza kwake kulimuuma Mwanvua kuliko maneno ya wengine.

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye ngazi za ofisi ya ardhi kabla mlango haujafunguliwa. Onema alipomwona akawa kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Baba, futa ile maneno yangu. Nilikosa."

"Mama, siwezi kufuta. Ulisema weye mwenyewe, na dole gumba iko pale. Nikifuta, watasema nilikula feza ya watu."

"Sasa nilisema hakuna muntu anaingia juu ya vile tumefunga! Muntu anafunga mulango ya nyumba yake, utasema nyumba ni tupu?"

Haki yake apewe: Onema aliona haya, na alikiri kwamba hakuuliza habari za kiangazi. Akatoa kitabu cha sheria, akakifungua kwenye meza yake iliyopungukiwa mguu mmoja, akamweleza. Sheria ya ardhi ya mwaka wa sabini na tatu inataka ukaguzi kabla serikali haijampa mtu ardhi. Mkaguzi anaandika watu waliomo na wanaofanya kazi humo. Anaandika pia vitu vilivyomo. Na anayelalamika anaweza kulalamika kwa mdomo, si lazima barua.

"Basi nalalamika. Andika."

"Nitaandika, mama. Lakini wakubwa watauliza: ushahidi iko wapi? Weye leo unasema hivi, jana ulisema vile. Nilienda kule, niliona maji. Sikuona shamba, sikuona nyumba, sikuona muntu. Nikirudi, nitaandika kile macho yangu inaona. Nioneshe watu wanatumika humo, nitaandika mumoja mumoja."

"Wakati gani?"

"Mbele ya mwezi kwisha. Siku ya mwisho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nitarudi siku ile."

Alitoka pale na jibu mkononi, na jibu lenyewe lilikuwa mwiba. Kuonyesha kwamba Lubelenge ina watu, ilimbidi awaingize watu Lubelenge. Na huu ulikuwa Aprili. Kambare walikuwa wamejaa mayai. Wanawake arobaini na saba wakiingia na vikapu vyao sasa, karani ataona na ataandika, lakini kitakachookolewa kitakuwa maji yasiyo na samaki. Na mfungo wenyewe, ule uliofanya kinamasi kiwe chao na si pori la yeyote, utakuwa umevunjwa na yule yule anayeulinda.

Wanawake walipokutana uani kwa Emerance, wengi hawakuona ugumu wowote.

"Tuingie!" alisema mama Hawa, mkubwa wa wote, mwenye kiziba cha katikati. "Tuvue mbele ya macho yake. Samaki watazaa mwaka kesho."

"Hawatazaa, mama," alisema Mwanvua. "Unajua hawatazaa."

"Na kampuni ikiingia watazaa?"

Mwanvua alizunguka ua ule mpaka wenzake wakamwambia akae maana anawatia kizunguzungu. Hakukaa. Akatoka, akaenda zake.

Siku zile alitembea kama mtu aliyekaliwa na siafu. Asubuhi Lubelenge, mchana stesheni, jioni kwa Bulaimu, mkubwa wa mtaa na mtu wa chama, ambaye alikuwa shemeji yake na alianza kumkimbia kwa kutokea mlango wa nyuma. Vitumbua viliungua. Alimgombeza mteja aliyeuliza kama vimeiva. Usiku alihesabu siku: saba, sita, na usingizi ulimpitia mbali. Zaidi ya kampuni, zaidi ya masengenyo, alichokiogopa ni jambo moja: kwamba atakufa akikumbukwa kama mwanamke aliyesema hakuna mtu.

Jumatano, akiwa amesimama kando ya mti wa fundo, alimwona korongo. Ndege yule alikuwa katikati kabisa ya kinamasi, mahali ambapo Mwanvua alijua maji yanamfikia mtu mzima kifuani, tena amesimama kwa raha zake, maji hayajamvuka magoti. Akapiga hatua tatu, akasimama tena. Akageuka, akarudi hatua tatu, juu ya mstari ule ule.

Mwanvua alimtazama mpaka akaelewa kile anachokitazama. Ndege alikuwa anatembea juu ya tuta la mama Hawa.

"Tunaingia bila vikapu," aliwaambia wanawake jioni ile, akihema. "Hatuvui. Hatuchoti. Kila muntu anapita juu ya tuta ya kiziba yake, anasimama pale. Basi. Miguu inajua njia hata maji ikifunika. Karani ataona."

"Na mufungo?" aliuliza mama Hawa. "Muguu ni muguu. Njo maneno yako mwenyewe."

Wote wakageuka kumtazama Safi, kisha wakamtazama Mwanvua. Alikuwa ameshalifikiria hilo njiani.

"Anayekata fundo njo amevunja. Wengine wanafuata tu. Nitakata miye."

Wanawake walijua anasema nini, na walimjua yeye ni nani.

Ilibaki shida moja: Jumamosi ni siku ya salongo, kazi ya lazima ya chama, na mtu asiyeonekana kwenye salongo hukamatwa. Mwanvua akamvizia Bulaimu, safari hii kwenye mlango wa nyuma.

"Shemeji, Jumamosi salongo iko wapi?"

"Kwa barabara ya soko, kukata majani."

"Njia ya Lubelenge iko na majani mingi kupita soko. Na karani wa serikali anapita pale Jumamosi. Ataona mutaa wako njia chafu?"

Bulaimu alikuna kichwa. Aliiogopa kampuni, lakini alimwogopa zaidi shemeji yake, na kuliko yote aliogopa kuandikwa kwamba mtaa wake ni mchafu. Salongo ikahamishwa.

Jumamosi ilinyesha. Si mvua ya kumwaga, ile ya kukaa, nyembamba, isiyo na haraka. Wanawake walikata majani ya njia kuanzia asubuhi, wameloa chapachapa, na Onema haonekani. Saa tatu ikapita. Saa nne. Mwanvua alikwenda mpaka barabara kubwa akarudi, akaenda akarudi, mara sita, mara saba. Kama karani hatakuja leo, mwezi umekwisha na karatasi inafungwa.

Onema alitokea karibu saa tano, akisukuma baiskeli iliyotoboka tairi, abakosi imejaa matope. Mwanvua hata salamu hakumpa. Alichukua panga kutoka kwa Safi, akatembea mpaka kwenye mti.

"Mashahidi mupo," alisema kwa sauti kubwa. "Miye, Mwanvua binti Sudi, nakata fundo wakati maji iko imefungwa. Kosa ni yangu peke yangu."

Akakata. Makuti yalianguka kwenye matope. Akaingia majini wa kwanza, akitafuta kwa nyayo, na pale nyayo zilipolikuta tuta la shangazi yake, gumu chini ya utelezi, akapanda na kwenda mbele. Nyuma yake wanawake wakaanza kuingia mmoja mmoja, kila mmoja mahali pake, kimya, mikono mitupu. Walikwenda kushoto na kulia, wakapinda pale ambapo hakuna jicho lililoona sababu ya kupinda, wakasimama. Kinamasi chote kikawa na wanawake waliosimama juu ya maji, maji magotini, mvua ikiwanyeshea.

Onema alibaki ukingoni mdomo wazi.

"Baba, leta ile fimbo yako!" Mwanvua alimwita.

Alivua mabuti. Alikuja akiyumba, na Mwanvua akamshika mkono. Akachomeka fimbo kulia: ikazama yote mpaka mkono wake ukaingia majini. Akachomeka kushoto: ikazama. Akachomeka mbele ya miguu yake: ikagonga. Akarudia mara tatu, kama asiyeuamini mkono wake.

"Nani alijenga hii?"

"Bibi zetu. Na siye tunatengeneza kila kiangazi. Ungekuja mwezi wa saba ungeona mbio na kelele. Uulize majina."

Akauliza. Ilichukua saa mbili nzima, Emerance akimshikia mwavuli juu ya karatasi. Kila mwanamke alisema jina lake, jina la kiziba na jina la aliyemwachia. Wino ulichuruzika mara mbili, akaandika upya. Alipofika kwa Safi, Safi alitaja kiziba chake, kisha akaongeza, akimtazama Mwanvua, "Na andika vile miye niko na azabu, juu niliingia wakati maji iko imefungwa. Hapa iko sheria." Onema akaandika na hilo.

Mwishoni akamnyooshea Mwanvua kibati cha wino. Mwanvua aliificha mikono nyuma.

"Soma kwanza."

"Mama, niko nimeloa."

"Na miye niko nimeloa. Soma kwa Kiswahili, yote."

Akasoma. Ardhi si tupu. Watu arobaini na saba, matuta ya zamani. Mwanvua alimsimamisha mara mbili. Mara ya kwanza aliongezea kiangazi. Mara ya pili alimtaka aandike kwamba maji hufungwa ili samaki wazae, na kwamba kufungwa si kuachwa. Ndipo akatia dole gumba, akalibonyeza kwa nguvu kama anayeua kunguni.

Jioni ile ile mama Hawa alifunga fundo jipya.

Mwezi wa Mei tangazo liliondolewa kwenye ubao. Emerance alikwenda kuuliza na kurudi na jibu lisiloshibisha: ombi la kampuni limesimamishwa mpaka uchunguzi zaidi. Halikukataliwa. Limelala kwenye kabati la mkubwa fulani, na mkubwa huyo anaweza kuamka siku yoyote. Tangu hapo kila Jumatatu Mwanvua hupita ofisi ya zoni na beseni lake kichwani, akasimama mbele ya ubao asioweza kuusoma, akitafuta umbo la jina lake, ambalo alimlazimisha mwalimu amfundishe. Asipoliona huenda zake stesheni, na ifikapo Ijumaa roho huwa juu juu tena.

Maji yalifunguliwa wiki mbili baada ya Idi. Mwanvua alilifungua fundo mwenyewe, kwa vidole, taratibu, akasema maneno ambayo shangazi yake alimfundisha, kisha akapisha. Wanawake walipita mbele yake na vikapu, wakipiga vigelegele. Yeye akaenda kwenye gogo lililo ukingoni, ambapo Safi alikuwa ameshaketi, mikono mapajani, akaketi naye.

Mama Hawa alirudi kumfuata. "Mwanvua, inuka. Ulivunja juu yetu. Tumesema wote, hakuna azabu."

"Na Safi?"

"Safi ni mambo ingine."

"Muguu ni muguu, mama. Iko kwa karatasi ya serikali sasa, hapa iko sheria. Nikiinuka leo, karani akija atakuta tulimudanganya." Akajiweka sawa juu ya gogo. "Tena mwaka kesho nitamukataza nani?"

Mama Hawa alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda majini.

Waliketi. Jua lilipanda. Mbele yao maji yaliruka kutoka vikapuni, watoto wa kike walipiga kelele, mtu akateleza, wote wakaangua kicheko. Kiziba cha shangazi, kile alichokichota kila kiangazi tangu akiwa na miaka sita, kililala palepale na tuta lake, hatua kumi na mbili kutoka kwenye gogo, na hakuna aliyekigusa. Kambare mmoja aliruka humo. Mwanvua alimwona. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na hakuona haya. Miezi miwili na nusu, alihesabu. Siku sabini na tano za kukaa.

"Mama," Safi alimnong'oneza.

"Nini?"

"Muguu."

Mwanvua akatazama chini. Miguu yake, bila kumwomba ruhusa, ilikuwa imeteremka kwenye matope, imefika inchi moja tu kutoka majini, na vidole vinacheza. Akaivuta juu, akaikunja chini yake, akaikalia.